Mshauri Wako Ana Leseni ya Nini?

Kata ya Issuna, wilayani Ikungi, iko kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, zaidi ya kilomita 50 kutoka Manyoni na zaidi ya 60 kabla ya kufika Singida mjini. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja. Alizeti hupandwa mvua zinaposhika, Desemba na Januari, huanza kuvunwa Mei, na kati ya Juni na Agosti ndipo fedha inaposhikika. Kwa kaya nyingi, miezi hiyo michache ndiyo mshahara wa mwaka mzima. Na ni miezi hiyohiyo ambapo wageni wenye vipeperushi na shati la kola hushuka kwenye basi. Mmoja anauza bima, mwingine vipande vya mfuko, wa tatu viwanja vya Dodoma, wa nne ana "fursa" ambayo haielezeki bila kuhudhuria semina. Wote hujitambulisha kwa cheo kimoja: mshauri wa fedha.

Nimefanya kazi na wawekezaji wadogo kwa muda wa kutosha kujua swali wanaloniuliza kuliko yote: niweke wapi? Ni swali zuri, ila huja mapema mno. Yako mawili yanayopaswa kulitangulia. Mwenye fedha ni mwekezaji wa aina gani? Na huyu anayemshauri ameruhusiwa na nani, kufanya nini? La kwanza likikosewa, mtu hupoteza faida. La pili likikosewa, hupoteza mtaji wote.

Nianze na la kwanza, na nilianzie palepale Ikungi, kwa sababu wilaya hiyo ina wawekezaji wa aina karibu zote. Huko Mang'onyi kuna mgodi wa dhahabu wa Singida uliojengwa na Shanta Gold, ambao ulimimina dhahabu yake ya kwanza Machi 2023. Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa imeorodheshwa kwenye soko la AIM la London. Wenye hisa wake wengi hawakuwahi kuikanyaga Singida. Walikuwa na vipande vya makampuni mengine kadhaa, hivyo mgodi mmoja ukiyumba hawakulala njaa, na aliyechoka aliweza kuuza hisa zake akiwa amekaa mezani kwake. Mwaka 2024 kampuni ilinunuliwa yote na ETC Holdings na kuondolewa sokoni. Wenye hisa wakalipwa, wakaenda zao.

Sasa mweke kando yao mkulima wa Issuna mwenye ekari kumi za alizeti. Mtaji wake wote uko kwenye ardhi moja, chini ya wingu moja, na bei moja. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mafuta ya kula ilipanda dunia nzima, kwa kuwa Ukraine na Urusi ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti. Mkulima huyu hakuandika mkataba wowote na Ukraine, lakini bei ya gunia lake inapangwa na mambo ya huko, pamoja na ushuru ambao Bunge letu huuweka au kuuondoa kwenye mafuta ya kutoka nje. Kwa hiyo usimwambie kwamba yeye si mwekezaji bado, kwamba ataanza siku atakaponunua hisa. Amewekeza tayari, na amebeba hatari kubwa kuliko yule wa London. Mshauri anayefika kwake na kumwambia "jitose, vijana wa mjini wanajitosa" hajamtazama vizuri.

Wanyaturu, wenyeji wa Singida, hawakusubiri benki kulijua jambo hili. Mwanaanthropolojia Harold Schneider aliwachunguza akachapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, The Wahi Wanyaturu, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ng'ombe kwao ni mtaji. Nafaka ya ziada ya mwaka mzuri iligeuzwa mifugo, mifugo ikazaa na kutoa samadi, samadi ikarudi shambani kuotesha uwele na mtama. Hadi leo katika mkoa wa Singida si ajabu kumkuta mzee ambaye ng'ombe wake wengine wako kwa jamaa vijiji vingine, ili ugonjwa au ukame ukipiga zizi moja usimmalize. Huyo ametawanya hatari. Vitabu vya chuo vingemwita mwekezaji mwangalifu wa muda mrefu, na yeye asingeshangaa kusikia hivyo.

Sheria na masoko yana migawanyo yake. Kuna wawekezaji wa taasisi: mifuko ya hifadhi ya jamii kama NSSF na PSSSF, kampuni za bima, mabenki. Hao wana kamati, wachambuzi na miaka mingi mbele yao. Kuna wawekezaji wa nje, ambao tangu kanuni zilipolegezwa mwaka 2014 hawabanwi tena na ukomo wa asilimia 60 ya hisa za kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Na kuna mwananchi wa kawaida, ambaye sheria inamlinda zaidi kwa sababu hana mchambuzi. Mgawanyo huo una maana kwa wasimamizi. Kwa mtu wa Issuna, unaosaidia zaidi ni mwingine: fedha hii utaihitaji lini, na ikipungua robo yake utakula nini?

Chukua mama mwenye shilingi milioni 2 mwezi Julai. Mshauri makini hatamtolea kipeperushi kwanza. Atauliza, "Mama, katika hizi, za mbegu na kulimia ni kiasi gani?" Laki sita, kufikia Novemba. "Na ada?" Laki nne, Januari. "Kuna mgonjwa nyumbani?" Mama mkwe ana presha. Mpaka hapo zaidi ya nusu ya fedha imeshajieleza yenyewe: hiyo si ya hisa, wala si ya hatifungani ya miaka 20. Ni ya mahali inapotoka haraka bila kupungua, yaani akaunti ya benki, au mfuko wa aina ya Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, ambako mtu huuza vipande akalipwa ndani ya siku chache za kazi. Tofauti ya hizo mbili nayo anatakiwa aambiwe. Amana ya benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, iliyopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5 hadi milioni 7.5 kwa mteja. Kipande cha mfuko hakina kinga hiyo. Usalama wake unatokana na kile mfuko ulichonunua na jinsi unavyosimamiwa.

Inayobaki, pungufu ya milioni moja, ndiyo inayoweza kusubiri. Hapo ndipo mazungumzo ya aina za uwekezaji huanza kuwa na maana, na hapo pia ndipo ushauri mbaya huvaa nguo nzuri.

Mfano mmoja ninaurudia kila mahali. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza robo ya hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu yajiorodheshe. Makumi ya maelfu ya Watanzania walinunua, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Kampuni ni halali, mauzo yalikuwa halali, madalali walikuwa na leseni. Lakini baadaye hisa hiyo ilikaa muda mrefu ikiuzwa chini ya bei hiyo, kwa miaka ikinata kwenye 770. Mfuko wa pensheni ulioinunua ungeweza kukaa miaka kumi ukipokea gawio na kungoja. Aliyenunua kwa fedha ya ada alilazimika kuuza kwa hasara, kama alimpata mnunuzi. Hisa ilikuwa ileile moja. Wenye hisa ndio waliotofautiana, na kazi ya mshauri ilikuwa kuiona tofauti hiyo kabla fomu haijasainiwa.

Hatifungani za serikali nazo husifiwa kama kwamba hazina kona. Kiwango cha chini cha kushiriki mnada wa Benki Kuu ni shilingi milioni moja, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na serikali ndiyo mdaiwa. Kwa mwalimu anayejiandaa kustaafu, ni jambo zuri sana. Ila mauzo kabla ya muda hutegemea bei ya siku hiyo. Hatifungani ya miaka 25 ilitoka mwaka 2021 na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata riba ya zile mpya za muda huo ikashushwa hadi 12.56. Waliokuwa na za zamani wakajikuta wameshika mali inayotafutwa. Riba ikipanda mambo hugeuka, na anayelazimika kuuza siku hiyo hupata chini ya alichoweka. Mshauri asiyekueleza upande wa pili amekueleza nusu ya habari, hata kama kila neno alilosema ni kweli.

Sasa niingie kwenye karatasi, maana ndiko watu wetu wanakoumizwa zaidi.

Kuna karatasi za aina tatu, na wajanja hupenda zichanganywe. Ya kwanza ni ya elimu. Mtu amesoma uhasibu, akafaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, akawa CPA. Mwingine amepita ngazi tatu za mtihani wa CFA, unaotolewa na taasisi yenye makao Virginia, Marekani, na akatimiza miaka ya uzoefu inayotakiwa juu ya mtihani. Kenya wana CIFA, wanaotahiniwa na KASNEB na kusimamiwa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Vyeti hivi vinaonyesha mtu amejifunza nini, na CPA hajifunzi alichojifunza CFA: wa kwanza anajua kusoma na kukagua hesabu za biashara, wa pili anajua kuthamini hisa na kupanga mali. Mhasibu hodari wa halmashauri anaweza kabisa asijue hatifungani inauzwaje katikati ya safari. Wala si aibu kwake. Ni fani nyingine.

Karatasi ya pili ni leseni, nayo ndiyo yenye meno. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 iliunda mamlaka tunayoiita CMSA, na inakataza mtu kufanya biashara ya udalali wa dhamana au ya ushauri wa uwekezaji bila leseni yake. Leseni zenyewe ni za aina mbalimbali: dalali wa soko la hisa, mshauri wa uwekezaji, meneja wa mfuko, mtunza dhamana, na wawakilishi wanaofanya kazi chini yao. CMSA huendesha kozi ya kuwapima watendaji hao kwa kushirikiana na taasisi ya Uingereza ya dhamana na uwekezaji, CISI. Bima iko kwa mamlaka nyingine, TIRA. Amana na mikopo iko Benki Kuu. Ushirika, SACCOS zikiwamo, uko Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa hiyo ukisikia "nina leseni", swali linalofuata ni: ya nani, ya kufanya nini? Wakala wa bima mwenye kitambulisho halali cha TIRA anapoanza kukueleza ununue hisa gani, ametoka nje ya uwanja wake.

Karatasi ya tatu ndiyo ya hatari: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya halmashauri. Hizi zinathibitisha kwamba kampuni ipo, ina jina, inatambulika kwa kodi. Hakuna hata moja inayoruhusu kukusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida. Lakini nenda kwenye semina yoyote ya "fursa" na utaona vinavyobandikwa ukutani: ni hivyo vitatu, vimewekwa kwenye fremu. Msikilizaji anaona nembo ya taifa na muhuri, moyo unatulia.

Tumeshalipa gharama ya kosa hili mara nyingi mno. DECI ilikusanya fedha nchi nzima kwa lugha ya kupanda na kuvuna, ikiongozwa na wachungaji, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Lugha ya mbegu iliwaingia wakulima kirahisi. Ukipanda shambani kuna mmea unaokua na jasho linalomwagika. Pale DECI mavuno ya wa kwanza yalikuwa fedha za aliyeingia nyuma yake, basi. Kanuni ya Adhabu ina kifungu mahususi kinachoharamisha upatu wa aina hiyo, na kilikuwamo kabla DECI haijafungwa.

Ikaja Mr Kuku Farmers Limited, ambayo kwa Singida ingepaswa kusomwa kama somo la mkoa, kwa kuwa kuku wa kienyeji ni fahari ya huko na kila kaya inajua kuku anavyokua. Kampuni iliwaambia watu waweke fedha, yenyewe itafuga. Faida iliyoahidiwa, kwa mujibu wa mashtaka, ilikuwa asilimia 70 ndani ya miezi minne. Kesi iliishia kwa mkurugenzi wake kutiwa hatiani kwa kuendesha upatu. Mfugaji wa Issuna aliyewahi kununua vifaranga, chakula na chanjo ya kideri anaweza kuipiga hesabu hiyo kwa vidole: ukitoa vifo, mwewe na pumba, hakuna banda linalotoa asilimia 70 kwa miezi minne na kubakiza ya kumlipa mwenye kampuni. Ujuzi wa kuukamata uongo ule ulikuwapo kijijini. Kilichowanyamazisha watu ni neno Limited na mtu wa mjini anayejiita mtaalamu. Mwaka 2025 ukaja mpango wa LBL, huu wa faida ya kwenye simu, polisi wakakamata watu mikoani, na bado wapo waliosema walionyeshwa vyeti.

Hata mwenye leseni halali ana jambo moja anapaswa kulisema bila kuulizwa: nani anamlipa. Dalali wa hisa hula kamisheni kwa kila ununuzi na kila uuzaji. Ukijumlisha na ada za soko na mamlaka, biashara ndogo hugharimu takriban asilimia 2 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Wakala wa bima hulipwa na kampuni ya bima, kwa hiyo sera inayomlipa zaidi haina lazima ya kuwa inayokufaa zaidi. Meneja wa mfuko hukata ada yake ndani ya mfuko wenyewe, huioni ikitoka. Hakuna ubaya katika kulipwa. Ubaya ni ushauri wa "bure" unaotoka kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni kinategemea saini yako. Kwetu bado ni wachache sana wanaolipwa na mteja moja kwa moja kwa ushauri peke yake, na hadi watakapoongezeka, mwananchi ahesabu kwamba kila anayemshauri ana kitu cha kuuza. Amsikilize, kisha amwulize pia mwingine anayeuza kitu tofauti.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Dar es Salaam, Issuna watu wana vikoba vyao. Sikubaliani nao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivyo kama daraja la nne na kutaka visajiliwe kupitia halmashauri. Maana yake kikundi cha akina mama thelathini wenye sanduku na funguo tatu ni taasisi ya fedha mbele ya sheria. Na kuna sababu ninaviheshimu. Katika kikoba, hesabu husomwa mbele ya wote, daftari liko wazi, anayekopa anajulikana nyumba yake. Hayo ndiyo maswali yaleyale ninayotaka waulize wanapokutana na mtu wa kipeperushi: daftari liko wapi, nani anakagua, fedha imekwenda kwa nani? Tofauti ni kwamba kikoba kina kikomo. Hugawana mwisho wa mzunguko, hakimpi mtu akiba ya miaka 20 ya uzeeni, na ukame ukija wanachama wote hupigwa siku moja. Ndiyo maana sehemu ndogo ya fedha ya kijiji inahitaji kutoka nje ya kijiji, iende kwenye vipande au hatifungani, mahali ambapo mvua ya Issuna haina la kusema.

Simu imerahisisha njia hiyo. Mtu anaweza kununua vipande vya UTT kwa simu, na Soko la Hisa lina mfumo wake wa Hisa Kiganjani. Ila urahisi huohuo wa kutuma fedha kwa kidole ndio LBL na wenzao walioutumia. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nayo haina msamaha: fedha ya uwekezaji haitumwi kwenye namba ya mtu binafsi, hata awe binamu yako, hata awe mchungaji. Inakwenda kwenye akaunti yenye jina la taasisi iliyoko kwenye orodha ya mamlaka husika, na wewe unabaki na akaunti au risiti yenye jina lako.

Orodha ndiyo inayonipa shida. CMSA huitangaza kwenye tovuti yake, TIRA vivyo hivyo, Benki Kuu vivyo hivyo. Mkulima anayerudi shambani saa kumi na mbili jioni, simu yake ni ya kitochi, hataifungua tovuti tatu ili amhakiki mtu aliyemkuta mnadani. Semina za elimu ya uwekezaji nyingi hufanyika kwenye kumbi za mijini, kwa watu ambao tayari wana mshahara wa mwezi. Anayepata fedha mara moja kwa mwaka, na ambaye kosa moja humgharimu msimu mzima, ndiye anayefikiwa mwisho.

Mamlaka hizi tatu zikae pamoja, zitoe karatasi moja yenye majina ya wenye leseni, kila jina na kazi aliyoruhusiwa, na namba ya simu ya kuulizia ambayo mtu ataipokea kwa Kiswahili. Halmashauri ya Ikungi iibandike kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na vijiji kila mwezi Mei, kabla gunia la kwanza halijauzwa, na mtendaji aisome kwenye mkutano wa hadhara. Gharama yake ni karatasi na gundi. Na wewe unayesoma haya ukiwa na ndugu Issuna, Puma au Manyoni, usisubiri tangazo hilo: mpigie leo, mwulize kama kuna mtu aliyepita kwake na kipeperushi, na mwambie asitume hata shilingi mpaka jina la huyo mtu liwe limepatikana kwenye orodha.